Gari Kubwa la Kikundi: Tupige Hesabu ya Gereji Kabla ya Hesabu ya Yadi



Kila mwaka mahindi yakishauzwa na pesa kidogo kuingia, swali moja hurudi katika mikutano ya vikundi vyetu, kuanzia hapa Pioneer na Langas mpaka kule Ngeria na Moiben: je, kikundi kinunue gari? Na watu hawazungumzi juu ya gari dogo. Wanataka gari kubwa, la fowili, lile ambalo magurudumu yote manne yanavuta. Lipite kwenye matope ya mwezi wa tano, libebe maziwa asubuhi na mgonjwa usiku, na Jumamosi likodishwe kwa harusi. Mmoja anataja Prado, mwingine RAV4, mwingine Forester au X-Trail. Katika mkutano mmoja mzee alisimama akasema heri Land Rover ya zamani, kwani hiyo ukiifunga na waya inaenda.

Bei ya yadi kila mtu anaijua, maana broka ataitaja kabla hujamuuliza. Bei ya gereji hakuna anayeitaja, na hiyo ndiyo inayovunja vikundi. Kwa hivyo hebu tuangalie magari haya huharibika wapi, kwa sababu gani, na ni nani anafaa kutengeneza nini.

Kwanza tuelewe ni gari la aina gani tunalouziwa. Kanuni ya Kenya inayoitwa KS 1515 hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa na umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa hivyo gari lililotoka Japani juzi ni la miaka michache, na bei yake inashinda vikundi vingi. Yale tunayoweza kununua ni yale yaliyokwisha kutumika Japani, yakatumika tena hapa na mtu mmoja au wawili, na sasa yana miaka kumi na mitano au ishirini. Sisi ndio mwenyewe wa tatu au wa nne. Kila kitu ambacho wale wa kwanza waliahirisha kinatungoja sisi.

KISA CHA MLIMA WA TAMBACH

Kuna kikundi cha akina mama wa maziwa, ambacho sitakitaja jina, kilichonunua Prado ya dizeli ya namna hiyo. Miezi minne ilikwenda vizuri. Mwezi wa tano gari lilipeleka watu kwenye matanga upande wa Kabarnet. Kwenda hakukuwa na shida. Wakati wa kurudi, gari likiwa limejaa watu na ndizi, lilianza kupanda kutoka Biretwo. Mnaijua ile barabara: kutoka bonde la Kerio mpaka Iten unapanda zaidi ya mita 1,000, kona juu ya kona. Mshale wa joto ulianza kupanda nao. Dereva aliuona. Akasema, "Tufike tu Iten, hapo tutapumzika." Hawakufika Iten.

Gereji ilipofungua injini ilikuta silinda hedi imepasuka. Pesa za kununua nyingine zilitoka katika mfuko wa mikopo ya karo, tena mwezi wa kwanza ukiwa karibu. Wanachama watatu walidai hisa zao na wakatoka. Gari lilipona, lakini kikundi bado kinachechemea.

Sasa, chanzo kilikuwa nini? Watu walimlaumu dereva, na ni kweli angesimama pale pale. Lakini shida ilianza mapema zaidi, siku fundi mmoja alipotoa kitu kidogo kinachoitwa themostati. Mweka hazina wa kikundi alikuwepo siku hiyo. Fundi alimwambia, "Mama, hiyo kitu haina kazi huku kwetu Afrika, ni ya nchi za baridi." Naye akamjibu, "Sasa fundi, Wajapani waliiweka ya nini?" Fundi alicheka, akaitupa kwenye ndoo ya vyuma.

Huyo mama aliuliza swali zuri, na jibu lake ni hili. Themostati ni kama mlango. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate joto haraka. Injini ikipata joto la kutosha, mlango unafunguka, maji yanapita kwenye rejeta kupozwa. Katika injini nyingi za Toyota, kifaa hicho kina kazi ya pili: kinapofungua njia ya rejeta, upande wake wa nyuma unaziba ile njia ya mkato. Ukikitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye tambarare ya Uasin Gishu hutaona tofauti. Ukipanda Tambach na mzigo, utaiona.

Tena huku kwetu ndiko baridi iliko. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi nyingi ukipumua unaona mvuke. Injini isiyo na themostati inakaa baridi muda mrefu, inakula mafuta mengi na inalika ndani haraka. Kama gari lenu limetolewa themostati, irudishweni. Ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na hedi.

MAJI, KIFUNIKO NA KULANTI

Tukae kidogo kwa jambo hili la joto, kwani kwa vikundi vyetu ndilo linaloua injini nyingi kuliko mengine.

Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Hapa Eldoret, kwa sababu ya urefu wa nchi, yanachemka yakiwa karibu digrii 93. Mama yeyote aliyewahi kupika maharagwe Mombasa na akapika hapa anajua. Rejeta inashinda shida hiyo kwa kufungwa vizuri: kifuniko chake kina springi inayozuia mvuke, na maji yakibanwa hivyo hayachemki mpaka yapite digrii 110. Sasa kifuniko kikizeeka, springi ikalegea au raba ikakatika, tunarudi kwenye zile 93. Gari linachemka na fundi anaanza kubadilisha pampu na rejeta, kumbe ni kifuniko. Anzeni hapo.

Jambo la pili ni maji ya mtoni. Kulanti ile ya rangi watu wengi huiona kama urembo. Kazi yake ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji matupu yanakula alumini ya hedi na kuacha uchafu unaoziba matundu madogo ya rejeta. Mkiwa njiani na hakuna kingine, wekeni maji, ni sawa. Lakini mkifika nyumbani yatolewe na kulanti iwekwe, iliyochanganywa kama chupa inavyosema.

Dalili za gasketi kuanza kuungua ni hizi. Maji yanapungua na hamuoni yanapovuja. Asubuhi, kabla gari halijawashwa, mpira wa juu wa rejeta ni mgumu kama umejazwa upepo. Ndani ya kifuniko cha oili kuna kitu kama chai ya maziwa. Moshi ni mweupe na hauishi hata injini ikiwa moto. Mkiona mojawapo, gari lisipande mlima wowote mpaka likaguliwe. Na mshale ukipanda mkiwa safarini, simameni, acheni injini ipoe nusu saa au zaidi, msifungue kifuniko kikiwa moto. Nimeona uso wa kijana aliyekifungua.

Prado za miaka ya 1990 zenye injini ya 1KZ-TE zinajulikana duniani kote kwa ugonjwa huu wa hedi kupasuka. Injini iliyofuata, 1KD-FTV, iliyoanza mwaka 2000, ilipunguza shida hiyo ikaja na yake: nozo. Tutafika huko.

BELTI NA KARATASI YA KIJAPANI

Ndani ya injini nyingi kuna taiming belti, mkanda wa raba unaofanya vali na pistoni ziende pamoja. Ukikatika gari likiwa linakimbia, vali zinagongana na pistoni, na hapo mnazungumzia injini nyingine. Dizeli za Toyota tulizotaja zinataka belti mpya kila kilomita 100,000 hivi, na nyingi zina taa ya dashibodi inayowaka umbali huo ukifika. Forester za zamani pia ni hivyo hivyo.

Shida ni kwamba hamjui gari limetembea kilomita ngapi. Namba ya mileji hurudishwa nyuma, hilo si siri. Gari la miaka kumi na minane linaloonyesha kilomita 84,000, na pedali ya breki imelika mpaka chuma, msiliamini. Fungueni boneti mtafute karatasi ndogo iliyobandikwa na gereji ya Japani. Belti inapobadilishwa kule, mara nyingi hubandika karatasi yenye tarehe na kilomita. Herufi hamtazisoma, lakini tarakimu mtazisoma. Mwaka wenyewe unaweza kuwa wa kalenda yao: 20 ikiwa ya enzi ya Heisei, jumlisheni 1988, mpate 2008. Ikiwa ni ya enzi ya Reiwa, iliyoanza 2019, jumlisheni 2018. Kama karatasi inasema belti ilibadilishwa kilomita 102,000 na dashibodi inasema 84,000, mazungumzo na broka yamekwisha.

Kama hakuna karatasi wala risiti, badilisheni belti wiki ya kwanza, pamoja na pampu ya maji iliyo karibu nayo, kwani kazi ya kufungua ni ile ile. Pesa hiyo ihesabiwe kama sehemu ya bei ya gari.

MAGURUDUMU MANNE YANA GHARAMA YAKE

Fowili ina vyuma vingi kuliko gari la kawaida: difu ya mbele, difu ya nyuma, boksi la kugawa nguvu, shafti nyingi. Kila kimoja kina oili yake, na hiyo oili vikundi husahau kabisa. Wanabadilisha ya injini peke yake. Mkivuka mto na maji yakapita juu ya difu, angalieni oili ya difu siku ya pili yake. Ikiwa imekuwa nyeupe, maji yameingia.

Chini ya gari, kwenye magurudumu ya mbele, kuna raba zilizojikunja kama kinanda, zinazofunika sivi joint. Raba hiyo ikipasuka, grisi inatoka na mchanga wa murram unaingia. Baada ya wiki chache mtasikia tak-tak-tak mkikata kona. Raba peke yake ni bei ndogo, joint ni bei kubwa. Basi kila mwezi mtu alale chini ya gari na tochi, aangalie raba nne. Haihitaji fundi. Katika kikundi kimoja kazi hiyo inafanywa na mama wa miaka sitini, na hakuna raba imempita.

Kuhusu matairi nawaomba msikilize vizuri. Vikundi hununua tairi moja moja, pesa zikipatikana. Kwa gari linalovuta nyuma tu, si vizuri lakini litaenda. Kwa gari ambalo magurudumu yote yanavuta wakati wote, kama Forester, tairi jipya na tairi lililolika yana mizunguko tofauti. Difu ya katikati au giaboksi inalazimika kusawazisha hiyo tofauti kila mita ya safari, inapata joto na inakufa. Nunueni matairi manne ya saizi na aina moja, au angalau mawili mawili yanayokaribiana. Na yale magari yenye fowili ya kuweka kwa mkono, msiiweke kwenye lami kavu. Ni ya matope.

Bushi na shoki nazipita haraka: barabara zetu zitazila, na mafundi wetu wa jua kali wanazibadilisha vizuri sana. Breki nazo, mkiteremka kwenda Kerio tumieni gia ndogo, msikanyage breki njia nzima. Oili ya breki hunyonya unyevu, na ikizeeka inachemka kwa urahisi. Ibadilishwe kila miaka miwili.

KILA JINA NA UGONJWA WAKE

Hakuna gari lisilougua. RAV4 za takriban 2001 hadi 2006 zenye injini ya 1AZ-FE ni nzuri, lakini baadhi yake nyuzi za bolti za hedi hung'oka kwenye bloku, maji yakaanza kuvuja nyuma ya injini ambapo huoni. Kuna nyingine za Japani zimeandikwa D-4. Hizo mafuta yanapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya nguvu nyingi, na mafundi wengi hawazipendi. X-Trail ya kwanza, ya 2000 hadi 2007, huzima ghafla kwa sababu ya sensa za injini. Ile iliyofuata mara nyingi ina giaboksi ya CVT, ambayo inataka oili yake maalum ya NS-2. Ukiweka oili ya kawaida ya giaboksi umeiua. Forester zenye injini ya EJ25 huvuja gasketi za hedi, na zile za tabo zinataka oili safi bila kukosa, maana tabo inazunguka kwa kasi kubwa sana na kinachoishikilia ni oili tu.

Kwa dizeli za kisasa kama 1KD, adui ni mafuta machafu. Nozo zake zinapiga dizeli kwa matundu membamba mno. Zamani mafuta ya taa yalikuwa ya bei ya chini, na wenye tamaa waliyachanganya na dizeli. Septemba 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Mchezo ulipungua, lakini dizeli ya madumu kando ya barabara bado ipo, na maji ndani yake pia yapo. Jazeni kwenye kituo kinachojulikana, mchukue risiti, na filta ya dizeli ibadilishwe kwa wakati. Nozo ikianza kugonga asubuhi injini ikiwa baridi, msingoje. Nozo inayomwaga mafuta hutoboa pistoni.

DILA AU JUA KALI?

Swali hili huulizwa kana kwamba ni lazima uchague mmoja. Mimi naona kila mmoja ana kazi yake.

Wakala rasmi, yule tunayemwita dila, ana kompyuta ya kampuni, vipuri halisi na mafundi waliofunzwa kwa gari hilo. Kazi za kupelekwa kwake, au kwa gereji yenye mashine kama zake, ni zile zinazohusu kompyuta: nozo mpya za 1KD ambazo namba zake lazima ziingizwe kwenye injini, breki za ABS, mifuko ya hewa, ufunguo wenye chipu. Mtalipa zaidi na mtalipa VAT ya asilimia 16, lakini mtapata karatasi. Kwa bushi, sivi joint, breki padi, shoki, rejeta na kuchomelea, fundi mzuri wa Langas anatosha, na wengi wao siku hizi wamesomea vyuo kama Eldoret National Polytechnic.

Msidhani pia kwamba dila anajua kila gari. Magari anayouza yeye hapa yametengenezwa tofauti na yale yaliyouzwa Japani kwa Wajapani. Ukimpelekea RAV4 ya D-4, anaweza kukuambia kipuri kitaagizwa, na mkae wiki kadhaa gari likiwa juu ya mawe. Tena dila mwenyewe hubadilika. CMC Motors, iliyokuwa wakala wa Land Rover kwa miaka mingi kabla ya kupoteza biashara hiyo, ilitangaza Januari 2025 kwamba inafunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania. Kabla ya kununua, ulizeni: vipuri vya hili gari, hapa Eldoret, vinapatikana duka gani? Mtu asipojua jibu, gari hilo si la kikundi.

Liko jambo moja ambalo hata gari likienda vizuri mnapaswa kumuuliza dila. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ilikuwa na kasoro: baada ya miaka mingi ya joto na unyevu, inapolipuka katika ajali inaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Vifaa karibu milioni 100 viliitwa kurudishwa duniani, na Takata ilifilisika mwaka 2017. Miongoni mwa magari yaliyohusika zimo RAV4, X-Trail na Forester za miaka fulani, na mengine yalisafirishwa kuja kwetu kabla hayajatengenezwa. Chukueni namba ya chasisi, mwulize wakala kwa maandishi kama gari lenu limo, na kama kifaa kitabadilishwa bila malipo. Toyota ya Japani pia ina ukurasa kwenye mtandao wa kuangalia kwa namba hiyo. Kijana yeyote mwenye simu atawasaidia.

KABLA HAMJAMWACHIA FUNDI UFUNGUO

Watu wengi hawajui kwamba Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima inayohusu matengenezo ya magari. Fundi anapaswa kuwapa makadirio ya gharama kabla ya kazi, asifanye kazi ambayo hamkuiruhusu, na awarudishie vipuri vya zamani mkivitaka. Vitakeni! Mkiona kipuri cha zamani kwa macho yenu mnajua kilibadilishwa kweli. Sheria haisemi dila pekee, fundi wa kando ya barabara pia yumo.

Kwa hivyo karatasi moja iandikwe: namba ya gari, kilomita, shida iliyoripotiwa, vipuri na bei zake, malipo ya kazi, siku ya kumaliza. Mwenyekiti na fundi watie sahihi. Mafundi wengine watakasirika wakisema hamuwaamini. Waambieni kwa upole kwamba pesa ni za watu thelathini, na mweka hazina lazima awasomee. Mambo yakiharibika na mazungumzo yakishindikana, Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ipo hapa Eldoret, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na hamuhitaji wakili. Lakini bila karatasi mtaenda kusema nini huko?

Jambo la logibuku sitalirefusha. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 kitafute PIN yake ya KRA na gari liandikwe kwa jina la kikundi. Gari lililoandikwa kwa jina la mwenyekiti, siku akifariki linakuwa la watoto wake, na hapo gereji itakuwa shida ndogo.

SASA HESABU

Tuseme gari litatembea kilomita 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwa barabara za vumbi oili ya injini ibadilishwe kila kilomita 5,000, hivyo ni mara tatu au nne kwa mwaka, na Prado ya dizeli inameza karibu lita 7 kila mara. Ongezeni filta, seti ya matairi manne ndani ya miaka miwili au mitatu, breki padi, bushi, bima, na belti kama zamu yake imefika. Nendeni dukani na gerejini mkaulize bei ya kila kimoja, mjumlishe, mgawanye kwa kilomita 18,000. Mtapata shilingi kadhaa kwa kila kilomita. Hizo, kila safari, ziingie kwenye akaunti ya gari kabla dereva hajalipwa na kabla ya kugawana faida. Pesa za gari zisikae pamoja na za mikopo. Wale akina mama wa maziwa sasa wanafanya hivyo, tena wameandika katika katiba yao kwamba mfuko wa karo hauguswi kwa ajili ya injini.

Baada ya hesabu hiyo vikundi vingine vitaona kwamba safari zenye matope ni labda mara mbili kwa mwezi, na zilizobaki ni za lami. Hao wanunue Probox, na siku ya matope wakodi fowili ya mtu mwingine, matope yawe yake. Mimi kwa vikundi vingi nilivyotembelea ningeshauri hivyo. Wanaopeleka maziwa kila siku kutoka ndani kabisa, ambako mwezi wa saba hata trekta linakwama, hao wana haki ya gari kubwa.

Watakaonunua, wanunue na daftari siku hiyo hiyo. Kila lita ya dizeli, kila kipuri, kila safari na kilomita zake iandikwe humo, pamoja na jina la aliyelala chini ya gari kuangalia raba mwezi huo. Likae kwa mweka hazina. Likiachwa ndani ya gari, litatumiwa kupangusa dipstiki.